Nyumba ya Burgi, Chini ya Mpaka

Lena alifika Nairobi akiwa amevaa viatu vizito vya kupandia mlima, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia kwamba naishi Mountain View. Nilicheka pale uwanja wa ndege mpaka binti yangu Wambui akaniuliza kama niko sawa. Mtaa wetu uko kando ya Waiyaki Way, karibu na Kangemi, na kutoka dirisha la chumba changu mlima pekee ninaouona ni tangi la maji la jirani. Lena naye alicheka, lakini aliangalia viatu vyake kwa haya, kama mtu aliyevalia harusi akakuta ni matanga. Mara ya mwisho kuonana tulikuwa wasichana. Sasa nywele zake ni nyeupe, zimekatwa fupi, na mikono yake imekuwa mipana, vidole vimevimba kwenye maungio. Niliishika mikono ile nikashindwa kuiachilia. Mama yake, Burgi, alifariki majira ya baridi yaliyopita. Lena alinipigia simu kunipa habari, nami nilisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka maharagwe yakaungua. Baada ya mazishi aliuza ng'ombe wote, na ng'ombe walipoondoka akakata tikiti ya kuja kuniona. Hakuwa amewahi kupanda ndege.

Jumamosi Wambui alitupeleka kula Kilimani, kwenye mkahawa mmoja wa vijana wenye kompyuta mapajani. Mhudumu akaja mbio na tabasamu. "Karibuni sana. Mko ready ku-order ama niwapee time kidogo?" Wambui akaagiza kwa niaba yetu, na miongoni mwa vitu vilivyoletwa kulikuwa na ubao wa vipande vya jibini. Lena alichukua kipande, akakivunja, akakinusa, akakirudisha taratibu. Nami nilikuwa nimekivunja changu na kukinusa vilevile, bila kufikiri. Tukatazamana. "Kwani nyinyi ni mainspekta?" Wambui akasema. "Mum, kuleni tu, hiyo cheese ni bei." Halafu akaegemea kiti, akaniambia, "Unajua hujawahi kutuambia story ya huko? Ulienda, ukakaa mwaka, ukarudi. Finish. Kila mtu akiuliza unasema kulikuwa na baridi." Ni kweli. Kwa miaka yote nimewaambia watoto wangu kwamba kulikuwa na baridi.

Habari za kwetu na za shule nitaziruka, hazina jipya. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha ufundi wa maziwa, na Kijerumani nilichojifunza darasa la jioni katikati ya jiji, orofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Kanisa likatafuta kijana wa kwenda kukaa mwaka mmoja na wafugaji wa milima ya Alpi, na kura ikaniangukia mimi, Njoki. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba ukipiga chafya karibu na kanisa, mtu wa nyumba ya mwisho anakuombea afya. Kilikaa ndani kabisa ya bonde jembamba. Barabara ilipanda na kupinda kwa saa nzima, halafu ikaishia kwenye ua wa Burgi, mbele ya rundo la samadi. Baada ya hapo kulikuwa na msitu, baada ya msitu malisho, baada ya malisho mawe matupu, na juu ya mawe ukingo wa mlima ambao ndio mpaka wa nchi. Watu wa upande wa pili walisema lahaja ileile na kurithi majina yaleyale ya ukoo, ila walikuwa na serikali nyingine, fedha nyingine na polisi wa kofia nyingine. Kwa mguu ungevuka na kuwafikia kabla ya chakula cha mchana. Kwa gari ilibidi ushuke bonde lote, uzunguke milima, ufike jioni. Theluji ilipoanguka hata njia ya mguu ilifungwa, na sisi tukawa tumebaki chini ya ukuta ule kama vyombo ndani ya kabati.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni jua. Kuanzia Novemba jua lilipita nyuma ya mlima na halikugusa kijiji tena. Mchana ulikuwapo, mwanga ulikuwapo, lakini jua lenyewe ungeliona tu likiwa limemulika upande wa pili wa bonde, juu kabisa, mahali pasipo mtu. Mimi mtu wa huku nilidhani jua ni haki ya kila kiumbe. Nilikuwa nikisimama uani na ndoo za maziwa, natazama ule mstari wa dhahabu, nayaonea wivu mawe. Mzee Sepp, mume wa Burgi, mtu wa maneno machache kuliko meno yake, alinipita siku moja akaniambia, "Litarudi." Akaendelea na kazi yake.

Burgi mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kiuno cha pipa na macho ya kijivu yasiyokosa kitu. Sikuweza kumwita jina lake tupu kama walivyofanya wengine. Mtu wa umri wa mama yangu, nimwite Burgi? Nikamwita Mama. Mwanzoni alicheka, baadaye akawa anaitika. Lakini jioni ya kwanza kabisa alinitia uchungu. Chakula chao cha jioni kilikuwa uji mzito wa ngano na maziwa, uliokaangwa kwa siagi kwenye kikaango kimoja kikubwa, na kikaango kikawekwa katikati ya meza. Kila mmoja alikuwa na kijiko chake, na kila mmoja alikula upande wake, bila kuvuka kwenda kwa mwenzake. Mimi nilikaa na kijiko changu nikingoja. Kwetu mgeni anapakuliwa, anaambiwa karibu, anaambiwa kula, na akisema ameshiba anaambiwa hajala kitu. Hakuna aliyesema neno. Wakala, na upande wangu wa kikaango ukabaki umejaa. Mwishowe Burgi akakisukuma kikaango kidole kimoja kuja kwangu, bila hata kuniangalia. Nikala huku machozi yananilenga. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hakuna aliyekuwa akininyima. Upande ule ulikuwa wangu tangu nilipoketi, na kwao kumhimiza mtu mzima ale chake ni kumdharau.

Chumba changu kilikuwa juu ya sebule. Sebule yao ilijengwa kwa mbao tupu, kuta na dari, na kwenye kona palikuwa na jiko kubwa la vigae vya kijani lenye benchi kulizunguka, ambapo soksi zilikaushwa na mzee Sepp alilala mchana wa Jumapili. Juu ya jiko, kwenye dari, kulikuwa na tundu lenye kifuniko. Ukikifungua, joto linapanda chumbani, na pamoja na joto yanapanda maneno. Miezi ya kwanza nilisikia mnguruno tu, maana lahaja yao haikufundishwa orofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Polepole mnguruno ukawa maneno: ng'ombe aliyekohoa, bei ya nyasi kavu, padri aliyehubiri mno. Lena aliporudi mwisho wa juma kutoka mjini, alikokuwa anasomea ualimu, alilala nami kitanda kimoja, tukaweka kifuniko wazi, tukasikiliza wazazi wake na kuziba midomo kwa mto tusicheke. Lena alitaka kufundisha jiografia. Aliujua mto wa kila bara. Alinihoji kuhusu Bonde la Ufa mpaka nikabuni mengine. Ng'ombe hakuwapenda, aliosha mikono mara tatu kabla ya kurudi mjini, na alinishangaa mimi niliyependa kukaa kwenye kibanda cha jibini hata siku ya mapumziko.

Nilipenda, ndiyo. Wacha niseme wazi. Burgi alipasha maziwa ndani ya sufuria la shaba lenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, akatia dawa ya kugandisha, akangoja. Hakutumia saa wala kipimajoto. Alikunja mkono wa blauzi, akazamisha kigasha chote, akasikiliza kwa ngozi. Siku moja ya Januari alikunja mkono, halafu akabadili nia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama. Sikuelewa. Akaonyesha sufuria kwa kidevu. Nikazamisha mkono wangu mweusi katika maziwa yale meupe ya uvuguvugu, nikangoja, na nilipohisi yameshikana nikasema, "Sasa." Akainua kisu akaanza kukata, bila kuhakikisha. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, si kazini, si kanisani. Niliondoka kwenye kile kibanda nikijua kwamba hii ndiyo kazi niliyozaliwa kufanya, na kwamba nataka kuifanya pale, kando ya mwanamke yule, mpaka nizeeke. Mwaka wangu ungeisha Septemba. Tangu siku ile nilikuwa na shauri moja tu moyoni: kubaki.

Jua lilirudi mwanzoni mwa Februari. Liligusa kwanza mnara wa kanisa, kesho yake mapaa, na watu wakatoka nje wakasimama tu, uso juu, macho wameyafumba, hata mzee Sepp. Juma hilohilo kuna sikukuu yao ya mishumaa. Zamani, siku hiyo ndiyo wafanyakazi wa mashambani walibadilisha waajiri. Katika nyumba ya Burgi desturi iliendelea kwa namna yake: mezani, mkate ukikatwa, anayetaka kukaa mwaka mwingine husema, "Mimi nakaa." Basi. Hahojiwi, anakatiwa kipande cha kwanza. Lena alinieleza habari hiyo kitandani kama kichekesho cha wazee. Siku ilipofika, Burgi alishika mkate kifuani, akaweka kisu juu yake, akatulia. Mzee Sepp aliangalia meza. Lena, aliyekuja makusudi, aliniangalia mimi. Nilijua maneno, yalikuwa mawili tu. Lakini nilivyolelewa mimi, msichana hajitengei nafasi kwenye jiko la watu. Unaambiwa kaa ndipo unakaa, na hata ukiambiwa unakataa kwanza, ili uambiwe tena. Nikangoja Burgi aseme. Burgi akangoja. Nikasema, "Asanteni sana kwa chakula." Akakata mkate, akampa mumewe kipande cha kwanza.

Nilipanda chumbani mapema, na tundu lilikuwa wazi. Nikamsikia mzee Sepp: "Mwulize basi." Nikamsikia Burgi: "Mtoto wa watu haombwi kubaki. Akitaka, atasema." Halafu vyombo vikaoshwa. Nililielewa kila neno. Hebu fikiria, ngazi zilikuwa kumi na kitu tu, na chini yake kulikuwa na mtu anayetaka kitu kilekile ninachokitaka. Nilibaki nimekaa kitandani. Nikajiambia, sasa nikishuka itakuwa nimedukiza maneno ya wenyewe, na nitakuwa naomba. Nikajiambia, kama wananitaka, watasema kabla ya Septemba. Nilikuwa na hakika kabisa. Kwetu mtu akikupenda hukwambia kaa.

Majira ya joto tulipanda na ng'ombe mpaka kibanda cha juu, mimi na Burgi peke yetu. Malisho yake mengi yalikuwa upande wa pili wa mpaka, kwa haki za zamani kuliko mpaka wenyewe, na serikali zote mbili ziliruhusu ng'ombe wapite. Mimi sikuruhusiwa. Pasi yangu ilikuwa na viza ya nchi moja tu. Jiwe la mpaka lilisimama nyuma ya kibanda, karibu na banda la nguruwe, na ng'ombe walilipita wakienda kula nje ya nchi. Jioni nilisimama kando ya jiwe nikiwaita kwa Kikuyu, kwa sauti tunayoitia ng'ombe kwetu, nao wakaizoea wakaja. Mlinzi wa mpaka wa upande ule, mzee mmoja mwenye masharubu, alikuja kunywa maziwa ya mgando akanitazama nikiita. "Weka hata mguu mmoja," akaniambia, "mimi naangalia ndege." Sikuuweka. Nilikuwa msichana wa kufuata masharti, na huo nao ni ulemavu wa aina yake.

Asubuhi moja ya ukungu, tukikoroga maziwa, Burgi alianza kusimulia bila kuulizwa. Mama yake alikuwa mmoja wa watoto maskini waliovushwa mlima kila mwaka theluji ikiyeyuka, wakasimamishwa sokoni upande wa pili ili matajiri wachague wachungaji. Tajiri mmoja alimpenda yule mtoto. Mkewe akamwambia, kaa kwetu. Mtoto gani angemkatalia mtu mzima? Akakaa mpaka akawa mwanamke, na aliporudi kijijini mama yake mzazi alimwita "wewe binti" kwa sababu hakumtambua. "Kwa hiyo mimi," Burgi akasema, akikoroga, "simwambii mtoto wa mtu kaa." Mwiko ulizunguka, ukazunguka. Leo najua kwamba alikuwa ameufungua mlango mpaka mwisho na kusimama pembeni. Mwanamke yule hakuwa na namna nyingine ya kunisihi. Nami nilikuwa na Kijerumani cha kutosha wakati huo, nilikuwa na lahaja, nilikuwa na kila kitu ila ujasiri wa kusema maneno mawili. Nikasema, "Pole, Mama." Akaitikia kwa kichwa. Septemba nilishuka, nikapanda basi mbele ya lile rundo la samadi, na Burgi alinipa mkono kama anavyompa padri.

Nimeishi vizuri, sinung'uniki. Nilipata kazi katika kiwanda cha maziwa, nikavaa koti jeupe, nikapima mafuta na bakteria mpaka nikastaafu. Niliolewa, nikalea, nikazika mume. Jibini sikutengeneza tena hata mara moja. Mara nyingine, nikipita hospitali za Parklands kupimwa presha, au nikiwa nimekaa tu kwenye foleni ya benki, nashika kigasha changu cha kulia na ninajua maziwa yangekuwa na joto gani. Hayo ndiyo majuto yangu, nikayazoea, na nikayahesabu kuwa yangu peke yangu.

Haya yote nilimsimulia Wambui pale mezani Kilimani, nusu kwa Kiswahili na nusu nikimfasiria Lena kwa Kijerumani chenye kutu. Nilipofika kwenye mkate na kisu, Lena aliweka uma chini.

"Nilikuwa nakuombea," akasema.

"Ukiniombea nini?"

"Useme. Kila nilipopiga simu nyumbani kutoka chuoni, swali langu la kwanza lilikuwa hilo. Njoki amesema? Mama akajibu, bado. Ungekaa wewe, mimi ningekuwa huru." Aliongea bila hasira, akipanga makombo ya mkate kwa kidole. "Ulipoondoka, Baba alianguka kutoka dari ya kuwekea nyasi kavu, akavunjika nyonga. Nikarudi kuwasaidia muhula mmoja tu. Nilikuwa nimebakisha mwaka nimalize chuo."

Muhula mmoja. Nikaitazama tena ile mikono. Nilikuwa nimeionea wivu tangu uwanja wa ndege, mikono ya mtu aliyekamua na kukata jibini maisha yake yote. Kumbe maisha niliyoyalilia mimi yaliangukia mtu ambaye hakuyataka, na maisha aliyoyataka yeye, ya vitabu na safari na watu wengi, nilikuwa nayo mimi nikiyaona makapi.

"Lena, tulilala kitanda kimoja," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

Akatabasamu kidogo. "Na mimi ni mtoto wa Burgi."

Wambui alikuwa akitutazama kwa zamu. "Mum, amesema nini? Mbona mnalia? Watu wanaangalia." Kisha, kwa kuwa ana moyo mzuri na hajui kukaa na huzuni bila kuitafutia shughuli, akatoa simu. "Sawa, tupange kesho. Muulize anataka kuona nini. Tumpeleke aone simba? Ama twende Ngong Hills, si amekuja na shoes zake. Niko na gari, niko free the whole day."

Nikamuuliza Lena. Alifikiri muda mrefu, kama mtu aliyepewa orodha ndefu ya vyakula katika lugha asiyoijua.

"Nataka kulala," akasema. "Tangu niliporudi nyumbani, hakuna asubuhi ambayo ng'ombe hawakuniamsha kabla ya alfajiri. Walipouzwa, niliendelea kuamka, nikikaa gizani. Nataka kulala mpaka nichoke kulala."

Jumapili sikwenda kanisani. Nilimwambia Mercy, anayenisaidia kazi za nyumbani, azime redio. "Lakini Mum, ni ibada," akanong'ona. Nikamwambia Mungu ataelewa. Nilitoka nje na kanga yangu mabegani nikamwomba bawabu asiwafungulie geti kwa kishindo wenye magari, nikamwomba jirani asiwashe pampu ya maji, na jirani alinitazama kama aliyeona kichaa. Niliomba bila haya, mtu mmoja baada ya mwingine. Kisha nikabeba kiti cha jikoni nikakiweka kwenye ushoroba, nje ya mlango wa chumba cha Lena, nikakaa. Ndani nilisikia pumzi yake, nzito na ya polepole.

Wambui akapiga simu. "Ameamka?"

"Bado."

"Mum, hii ni saa sita ya mchana!"

Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, ni saa sita, na kwamba leo katika nyumba hii hakuna mtu atakayemwamsha Lena.